Ree Mbili kwenye Meza Mbichi

Machi 11

Naanza na ukweli: mimi ndiye mcheza karata mkali kuliko wote waliowahi kukalia ndoo ya rangi. Sijigambi, natoa taarifa. Karata zingekuwa na miguu zingenifuata nyumbani zikalala mlangoni. Nikizichanganya, hata mvua huchungulia kwenye tundu la bati ione mwisho wake. Shule niliiacha mapema kabla yenyewe haijaniacha, lakini hesabu zilizomo humu kichwani, mwalimu wangu angeniomba miadi.

Kitabu hiki cha tarehe shemeji alipewa bure kwenye duka la rangi. Dada akanitupia: "Majisifu yako yaandike humo, masikio yangu yapumzike." Haya, dada. Nimeanza.

Machi 12

Mvua. Hatukupaka.

Machi 13

Mvua. Hatukupaka. Ndiyo shida ya kazi yetu: ukuta wa nje haupakwi ukiwa na unyevu. Ukilazimisha, rangi inavimba malengelenge kama kisigino kilichovaa kiatu cha kuazima. Kwa hiyo tunakaa kwenye stoo ya jengo, juu ya ndoo, chini ya mabati, tunasubiri.

Tuko wanne. Kuna Mama Rola, mwanamke wa makamo, anayepaka ukuta mzima bila kuacha alama na haongei mpaka umkanyage. Kuna Sindano, mwembamba hadi ngazi haijui kama amepanda. Kuna shemeji, mume wa dada yangu. Huyo kazi yake ni kukata kona kwa brashi ndogo, mahali ukuta unapokutana na dari. Hatumii utepe, mkono mtupu, na mstari unatoka umenyooka mpaka wenye nyumba wanaupapasa. Halafu kuna mimi, ambaye nimeshaelezwa hapo juu. Msimamizi huja asubuhi, hutazama mawingu, huyatukana kidogo, huondoka.

Nalala sebuleni kwa shemeji. Nakula kwake. Dada ana mimba kubwa. Akiingia chumbani tumbo ndilo linalopiga hodi. Bado nahesabiwa mtoto wa nyumba.

Machi 17

Mchezo wetu ni poka. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, mnaweka dau. Kisha karata tatu zinafunuliwa mezani, za wote, mnaweka dau tena. Halafu ya nne, halafu ya tano. Unaunganisha zako na za meza, mwenye mkono mzito anakusanya. Dau letu ni vipande vya vigae vilivyovunjika: cheupe ni kimoja, cha bluu ni sawa na vyeupe vitano. Ukifilisika unaosha brashi za wote.

Leo nilipata ree mbili. Ree ndiyo karata kubwa kuliko zote, na ukiwa nazo mbili mkononi hakuna mwanzo mzuri zaidi duniani. Nilipandisha dau mpaka Sindano akakohoa. Wote wakakimbia isipokuwa Mama Rola. Zikafunuliwa tatu: tisa, kumi, ghulamu. Nikapandisha. Naye akapandisha juu yangu, polepole, kama mtu anayeongeza sukari. Mimi nikasukuma vigae vyote. Huyo mama alikuwa na saba na nane. Saba, nane, tisa, kumi, ghulamu, zimejipanga kama watoto wa shule, na tano zinazofuatana huipiga jozi yoyote. Ree zangu mbili zikabaki mbili.

"Mwanangu," akasema, "ree ni rangi ya bei. Lakini hukuuliza kama ukuta umekauka."

"Mama Rola, hiyo ni bahati tu."

"Sawa. Na brashi ya bahati ioshe."

Nikaosha. Maji yalikuwa baridi.

Machi 19

Nimemnunulia Mama Rola chai, naye amenifundisha. Sijamwambia mtu.

Anasema mtu yeyote anajua kuingia na karata nzuri, hata mbuzi angejua. Kazi inaanza zikifunuliwa zile tatu. Kuna meza kavu: malkia, saba na mbili, kila moja na alama yake, hakuna inayomshika mwenzake mkono. Hapo ree zako bado zinatawala, songa nazo, wanaokufuata walipe. Na kuna meza mbichi: karata zinazofuatana, au zenye alama moja. Hapo kila mtu anaweza kuwa ameokota kitu, na ree zako ni karata mbili tu zenye jina kubwa. Mtu aliyekuwa kimya akipandisha dau kwenye meza mbichi, usibishane naye.

"Unaziweka chini," akasema.

"Ree mbili? Chini?"

"Zina mizizi?"

Machi 20

Mvua. Sindano kaosha brashi.

Machi 24

Andika, ewe mkono wangu! Nilikuwa na wafalme wawili. Mezani ikatoka ree. Sindano, aliyekuwa kimya kama ngazi, akapandisha. Nikawaweka wafalme chini. Akafunua kwa hasira: alikuwa nayo ree. Mama Rola akanitazama akainamisha kichwa kidogo, ishara ya kukubali. Nimewahi kupewa cheti shuleni cha usafi wa kucha, lakini hiki ni kikubwa zaidi.

Machi 26

Shemeji kaniomba nimfundishe. Tulikuwa nyumbani, dada anakunja nguo za mtoto ambaye hajaja.

"Shemeji, wewe unawashindaje?"

"Kipaji."

"Kipaji cha kulala mpaka chai ipoe," dada akadakia. "Usimharibu mume wangu."

"Dada, namwinua."

Nikamfundisha. Chagua mikono ya kuanzia: ree mbili, wafalme wawili, ree na mfalme. Takataka zitupe. Ukiwa na mkono mzito pandisha mapema, wapunguze watu. Shemeji anasikiliza vizuri, anauliza kama mtoto wa darasa la kwanza anayependa shule, nami raha ilinipanda mpaka kwenye utosi.

"Na zikifunuliwa zile tatu? Mama Rola huwa anasema kuhusu meza mbichi."

"Hilo ni darasa la juu," nikamwambia. "Utalifikia."

Mwalimu akimaliza yote leo, kesho nani atamwita mwalimu?

Aprili 2

Mvua. Shemeji anajifunza haraka. Akikwama, na kama mimi nimeshatoka kwenye mkono ule, ananigeukia: "Mwalimu, hapa nifanyeje?" Wengine wanacheka lakini wanaruhusu, maana dau ni vigae. Namjibu kweli tupu. Nikisema acha, anaacha. Nikisema songa, anasonga. Hajawahi kujuta. Sasa hata Sindano ananiita Mwalimu, ingawa yeye husema akiwa ameziba mdomo.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 6

Leo nitaandika mengi.

Msimamizi kaja akitabasamu, jambo ambalo huwa halina heri. Kapata kazi ya ndani: hosteli ya wanafunzi, vyumba tele, kazi mpaka mvua iishe. Lakini anahitaji wawili tu. "Nyie mnajuana," akasema, "kesho nikute mmeshaamua." Huyoo.

Sisi tuna utaratibu wetu, haujaandikwa popote. Msimu wa mvua kazi ikiwa chache, mwenye mzigo nyumbani anatangulia. Mama Rola analea wajukuu. Shemeji ana lile tumbo linalopiga hodi. Hapakuwa na la kujadili. Sindano alishaanza kufunga mkoba wake, wala hakununa.

Mdomo ukafunguka. Wangu.

"Tuzichezee."

"Yangu haichezwi," Mama Rola akasema, bila hata kugeuka.

"Basi hii iliyobaki. Sisi wanaume watatu. Atakayekusanya vigae vyote ndiye anakwenda."

Shemeji akacheka. "Ya nini, shemeji? Si tunajua."

"Unaogopa? Au karata zako zinashikwa na dada?"

Sindano akapiga mluzi. Nilikuwa natania. Kutania ndiyo kazi yangu. Lakini shemeji alikuwa amezoea kushinda siku hizo, na mtu aliyezoea kushinda ukimwambia anaogopa, umemwita kwa jina lake. Akavuta ndoo. "Gawa."

Sindano hakukawia kufilisika, alicheza kama mtu anayewahi mlango. Tukabaki mimi na shemeji, vigae karibu sawa.

Nikapata nane mbili. Shemeji akapandisha mapema, bega limenyooka, na mimi niliyemfundisha kunyoosha bega nikajua ana kitu kikubwa. Nikamfuata. Zikafunuliwa tatu: nane ya kopa, tisa ya kopa, sita ya pau.

Nane tatu zangu! Hizo humeza jozi yoyote, hata ya ree. Nikakaa kimya. Yeye akaweka dau, nami nikapandisha juu yake, polepole, kama anayeongeza sukari.

Shemeji akazitazama karata zake kwa muda mrefu. Akatazama meza. Kisha akasukuma vigae vyote. Ikaja mbili, ikaja malkia, hazikumsaidia mtu. Akafunua ree mbili, moja ya shupaza na moja ya uru, nzuri kama bi harusi wawili. Nikafunua nane zangu.

Akanipa mkono. "Bahati mbaya tu, Mwalimu."

Ndivyo mchezo ulivyo. Alikuwa na ree, nani angeziacha? Sikumlazimisha mtu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hata mtu na jirani yake hawasikilizani. Mama Rola alikuwa pale pale anachuja rangi, akasimama akatoka nje kwenye mvua bila kujifunika.

Nimeshinda. Naandika tena ili lionekane vizuri: nimeshinda.

Aprili 7

Dada kauliza imekuwaje. Shemeji akamjibu haraka, "Msimamizi kachagua mwenyewe, kataka vijana." Akanikata jicho: nyamaza. Kanilinda. Dada akasema msimamizi hana utu, akanikatia mkate, kipande kikubwa, eti nguvu za kazi. Niliutafuna ule mkate mpaka chai ikaisha na wenyewe bado upo mdomoni.

Aprili 8

Jioni nilitaka kumwambia shemeji achukue nafasi yangu. Nilijipanga vizuri. Nikafungua mdomo, nikaomba sukari.

Aprili 10

Shemeji kaondoka na lori la asubuhi. Kuna maghala mji mwingine wanatafuta wapakuaji wa magunia. "Si muda mrefu," akamwambia dada, "mvua ikikatika nimerudi." Dada akasema, "Mtoto hasubiri mvua." Shemeji akasema, "Ataelewa, ni wa kwetu." Alipanda nyuma ya lori na turubai. Mimi nilimbebea begi. Mtu wa msaada sana mimi.

Aprili 13

Hosteli. Kazi ni tamu, pakavu, harufu ya rangi mpya. Mama Rola anapaka kuta, mimi nakata kona, kazi ya shemeji. Mistari yangu inatembea kama mlevi aliyeona askari. Nikimaliza chumba Mama Rola anachukua brashi, anapanda ngazi, anairudia kona moja baada ya nyingine. Zamani alikuwa ananiita mwanangu.

Aprili 14

"Wewe, ngazi." Hilo ndilo neno lake la leo.

Aprili 15

"Wewe, sogea."

Aprili 17

Nilimchekesha kwa makusudi. Nilimwigiza msimamizi akitukana mawingu, mpaka wanafunzi wawili waliokuwa wakipita wakashika mbavu. Mama Rola akachovya rola, akakung'uta, akaendelea. Nikamuuliza nimekukosea nini. Akasema, "Mimi?"

Aprili 21

Dada kashikwa na uchungu mchana. Nilikuwa nimerudi kuchukua msasa. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. "Usiongee," akasema, "leo usiongee kabisa, tafuta gari." Nikakimbia mvuani nikasimamisha teksi kwa mwili wangu. Njiani alikuwa ananibana vidole na kusema, "Mpigie. Mpigie tena." Nikapiga. Inaita, haipokelewi. Nikapiga. Inaita.

Hospitali muuguzi akaniuliza, "Wewe ndiye baba?"

"Mjomba."

"Baba yuko wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani isiyo na simu?"

Nikapiga tena, mbele yake. Inaita.

Mtoto wa kike. Ana paji la uso la shemeji, pana, la kufikiria. Walinipa nimshike kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Mikono ya kwanza ya kiume kumshika mtoto yule ilipaswa kuwa ya baba yake, ikawa hii.

Aprili 22

Inaita, haipokelewi.

Aprili 23

Kapokea mtu mwingine, mfanyakazi mwenzake. Juzi, asubuhi, wakati lori linapakuliwa, mlango wake wa nyuma ulikatika ukaanguka. Shemeji alikuwa ameweka mkono pale. Wa kulia.

Nimemwambia dada nusu. Nimezoea kutoa nusu.

Aprili 29

Shemeji karudi. Vidole viwili vimekatwa, cha shahada na cha kati, na vilivyobaki daktari amesema vitakunjika kidogo, si sana. Mkono una bandeji kubwa kama glavu ya kuchomolea mikate. Alimchukua mtoto kwa mkono wa kushoto, akamtazama, akamwambia, "Samahani, nilichelewa." Dada akatoka nje. Mimi nikajifanya nafunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Brashi ya kukatia kona inashikwa kwa vidole vile vile viwili, kama kalamu. Wote watatu tunajua.

Mei 1

Majirani wamekuja kumpa pole. Shemeji anawasimulia kisa cha ree mbili, anakifanya kichekesho. Anaigiza mimi nilivyokaa kimya, anaigiza macho yake yalivyomtoka nilipofunua nane. "Jamani, ree mbili! Mwanaume ana ree mbili halafu anafungwa na nane! Hiyo ni bahati mbaya au ni mkosi?" Wakacheka. "Huyu shemeji yangu ni hatari," akasema, akanipiga begani kwa ule mkono wa kushoto. Kwa fahari! Anajivuna nami mbele ya watu.

Mei 3

Nimempelekea nusu ya malipo ya hosteli. Kakataa. "Ulishinda halali."

Mei 4

Leo Mama Rola kaongea. Tulikuwa tunamalizia chumba cha mwisho. Mimi niko juu ya ngazi, naye anakunja turubai.

"Mkono wake unaendeleaje?"

"Unapona."

"Unapona uweje?"

Nikachovya brashi. Akakunja turubai mara nyingine.

"Mvua siku ile haikuwa kubwa kihivyo," akasema.

Nikashika ngazi.

"Mimi sitasema. Sikuwa nacheza. Kinywa ni chako, na tangu nikujue hakijawahi kukushinda kukifungua."

Mei 6

Jua kidogo. Msimamizi kayasifu mawingu. Kuta za nje zinaanza kukauka. Kamwajiri mkata kona mpya, anatumia utepe.

Mei 8

Jua. Tumepaka nje siku nzima. Sindano kaimba.

Niliporudi nilimkuta shemeji na dada wamekaa kitandani, mlango wazi, mtoto amelala katikati yao, na karata zimetandazwa juu ya shuka. Shemeji anazishika kwa kushoto, zinamponyoka, anaziokota, anacheka. Alikuwa anamfundisha dada.

"Sasa ukiwa na ree mbili," anamwambia, "unapandisha mapema."

"Halafu?"

"Halafu huziachi. Hata meza iweje. Muulize Mwalimu, huyo hapo."

Dada akanigeukia, uso mwepesi, mara ya kwanza tangu hospitali. "Eti kweli, mdogo wangu?"

Nikasema nimechoka. Nikaja sebuleni. Nawasikia bado, anamweleza, anamweleza vibaya, neno kwa neno.

Basi niandike lile ambalo tarehe sita Aprili sikuliandika.

Nilipopandisha dau juu yake, shemeji hakusukuma vigae mara moja. Alifunika karata zake kwa kiganja, kile cha kulia, akatazama ile nane na tisa na sita. Alikuwa ameona. Hakuwa mjinga, alikuwa amesikia maneno ya Mama Rola akayahifadhi, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshashika ncha za karata azitupe. Kisha akaniinamia, kwa sauti ndogo, kwa sababu alikuwa amezoea, kwa sababu hajawahi kujuta, akauliza:

"Mwalimu, meza hii si mbichi? Niziache?"

Nilikuwa na nane tatu. Nilijua nimeshamshinda. Nilijua pia dada anazaa lini.

Nikamwambia, "Ree haziachwi, shemeji. Songa."